Nyoka kaingia uani? Kabla hujashika panga soma hii

Simu nyingi tunazopokea kipindi cha mvua zinafanana, mtu anapiga anahema, "jamani kuna nyoka kaingia nyuma ya friji, njooni", nikimuuliza yuko wapi saa hizi nasikia vishindo tu na mtu nyuma anapiga kelele mpige kichwa, mpige kichwa. Hapo ndo roho inaniruka, maana nyoka aliyekuwa anatafuta upenyo wa kutokea sasa kabanwa kwenye kona, na mtu mwenye fagio kamsogelea mpaka kwenye usawa wa kung'atwa.

Nawaomba jamani, rudini nyuma. Hatua tano sita tu, watoto na mbwa watolewe, mlango wa nje uachwe wazi, mtu mzima mmoja akae mbali amwangalie anaelekea wapi ili asije akapotelea chumbani, halafu pigeni Zimamoto 114 au ofisi ya maliasili ya kwenu. Nyoka akiachiwa njia anaondoka, hana shida na wewe, wewe si chakula chake. Na hata ukishamuua usimshike, kichwa kilichokatwa bado kinaweza kung'ata.

Sasa kwanini kaja? Panya. Nitawaambia nyumba moja pembeni ya Morogoro tuliyoitwa, uani kuna rundo la matofali yaliyobaki kwenye ujenzi, juu wameegesha mabati, pembeni gunia la pumba za kuku limetoboka, pumba zimemwagika chini. Tukanyanyua bati la kwanza hamna kitu, la pili tukasikia pumzi, fuuuu, kama mtu anatoa upepo kwenye tairi la baiskeli. Kifutu, mnene kama mkono wa mtu mzima, rangi ya udongo na majani makavu, mgongoni ana zile alama za njano zilizokaa kama V. Mama mwenye nyumba akakaa chini palepale, maana watoto wake walikuwa wanachezea hapo wiki nzima. Kifutu ndivyo alivyo, hakimbii, anatulia akiamini hujamuona, na ndo maana watu wanamkanyaga. Ile nyumba hatukuweka dawa yoyote, tuliwaambia wahamishe matofali mbali na nyumba, pumba ziingie kwenye pipa lenye mfuniko, mashimo ya panya yazibwe, basi. Oili chafu, mafuta ya taa na vitunguu saumu mnavyomwaga kuzunguka nyumba msivitegemee, panya akiwepo nyoka atapita tu.

Watu wananiuliza sana kuhusu koboko, na kwa vile Kiingereza anaitwa black mamba, wanamtafuta nyoka mweusi. Koboko si mweusi jamani, mwili wake ni kijivu au kama rangi ya zeituni, weusi uko ndani ya mdomo, na ukifika mahali pa kuuona huo mdomo ujue uko karibu mno. Nyoka wa kijani kwenye mwembe mara nyingi ni ukukwi asiye na madhara, ila Pwani kuna na yule hatari wa kijani anayekaa kwenye miembe na mikorosho, kwahiyo usijifanye mtaalamu, wote waache.

Usiku ukienda choo cha nje vaa viatu na shika tochi, hata kama ni hatua kumi. Kuni usiingize mkono usipopaona, vuta kwa fimbo kwanza. Na kama mnalala chini chomekeni neti vizuri, fira, yule anayetanua shingo, akiingia ndani anafuata panya gizani na anaweza kumng'ata mtu aliyelala bila hata kushtuliwa. Hawa fira wetu wengine wanatema sumu, inafika mita mbili na zaidi na wanalenga uso. Ikiingia jichoni usifikiche wala usiweke majani, mwagia maji safi mengi kwa dakika 15 hadi 20 halafu hospitali.

Akikung'ata je? Toka hapo alipo, vua pete, bangili, saa na viatu kabla havijabana, kiungo kilichong'atwa kifungwe kibao kama vile kimevunjika ili kisitikisike, na mgonjwa asitembee. Usichanje, usinyonye, usikaze kamba, sumu ya kifutu inaozesha nyama na ukikaza kamba unaiua miguu ya mtu wewe mwenyewe. Bodaboda inafaa kama gari hakuna, pandeni mshikaki mgonjwa katikati ashikiliwe.

Hapa kwenye jiwe la nyoka, lile linalobandikwa kwenye jeraha eti livute sumu, naomba nielewane na wazee wangu, siwadharau. Mtu anasema babu yangu aliwekewa jiwe akapona, na ni kweli alipona. Lakini nyoka wengi hawana sumu ya kumdhuru mtu, na hata mwenye sumu kuna wakati anang'ata bila kuitoa, hao wote wangepona hata wangewekewa kipande cha sabuni. Jiwe halivuti sumu. Aliyeng'atwa na koboko akikaa saa mbili kwa mganga akisubiri jiwe lidondoke, kifua kinashindwa kupumua, tunampokea mtu kachelewa. Inauma sana kumwona mtoto wa miaka minane kafika hivyo.

Dawa ni antivenomu, yaani sindano ya kupambana na sumu ya nyoka, na inachomwa hospitali tu kwasababu wengine mwili unaikataa ghafla na lazima awepo mtu wa kuwasaidia palepale. Zahanati nyingi hazinayo. Kwahiyo leo, kabla hamjapata shida, ulizeni hospitali ya wilaya yenu kama ipo, na kama haipo ni hospitali gani ya karibu inayo, namba yao andikeni ukutani pale pa kuchajia simu.