Nafasi ya 95 mwezi Novemba: kuzisoma alama za kompyuta za Ligi ya Ivy

Kila Novemba, msimu wa mpira wa kikapu wa vyuo vikuu vya Marekani ukiwa na wiki mbili tu, swali linarudi lile lile: mbona timu iliyoshinda mechi zake zote 3 iko ya 210 kwenye viwango vya kompyuta, na iliyopoteza zote 3 iko ya 95? Jibu fupi ni kwamba mwezi huo kompyuta bado inasimulia zaidi habari za mwaka jana. Jibu refu lina faida zaidi, na nitalieleza kupitia Ligi ya Ivy. Ni konferensi ndogo ya timu 8 (Brown, Columbia, Cornell, Dartmouth, Harvard, Penn, Princeton na Yale), na karibu kila ugonjwa wa viwango vya mapema unaonekana humo bila kutafutwa.

Programu za viwango hivi hazitoi nafasi. Zinatoa alama, kisha alama zinapangwa kutoka juu kwenda chini ndipo nafasi zinapatikana. Katika mfumo wa Ken Pomeroy, ambao wengi wanauita KenPom, na katika T-Rank ya Bart Torvik, msingi ni uleule: timu hii ingeizidi timu ya wastani kwa pointi ngapi katika zamu 100 za mpira? Divisheni ya Kwanza ina timu zaidi ya 360. Kileleni zimeachana; ya 1 na ya 5 zinaweza kupishana pointi 5 au zaidi. Katikati, ambako timu nyingi za Ivy huwa zinaangukia, zimebanana kama abiria wa daladala jioni, na tofauti ya pointi 1 inatosha kukusogeza nafasi 10 na ushee. Ndiyo maana timu inaweza kulala ikiwa ya 118 na kuamka ya 131 bila hata kucheza: majirani zake ndio waliocheza. Angalia alama. Nafasi waachie watu wa kubishana kijiweni.

Zamu ya mpira ni kipindi ambacho timu inashika mpira mpaka inapouachia kwa mpinzani. Haiandikwi kwenye jedwali la mechi, inakadiriwa: chukua mitupo yote ya kawaida, toa ribaundi za kushambulia (mipira ambayo timu imeidaka tena baada ya mtupo wake kukosa), ongeza mipira iliyopotezwa, kisha ongeza mitupo ya adhabu mara 0.475. Hiyo 0.475 ipo kwa sababu si kila mtupo wa adhabu unaomaliza zamu; mingi huja miwili miwili, na mwingine ni wa nyongeza baada ya kikapu kilichoingia. Ukitumia 0.44 iliyozoeleka kwenye hesabu za NBA utapungukiwa kidogo. Fanya hesabu kwa timu zote mbili, kisha chukua wastani. Zikitofautiana kwa zamu 4 au 5, kuna kitu umekosea, na mara nyingi ni ribaundi za timu. Hizi ni zile ambazo hazikuandikwa jina la mchezaji, kwa mfano mpira uliotoka nje baada ya kuguswa na mpinzani. Ukijumlisha safu za wachezaji peke yake unaziacha, na zamu zinaonekana nyingi kuliko zilivyokuwa.

Tuchukue timu ya kubuni ya Ivy iliyokwenda ugenini kwa timu kubwa. Imetupa mara 58, ina ribaundi 9 za kushambulia, imepoteza mpira mara 12 na imepata mitupo 20 ya adhabu. 58 toa 9, jumlisha 12, jumlisha 9.5: zamu 70.5. Tuseme hesabu ya mwenyeji nayo imetoka hapohapo. Matokeo ni 81 kwa 74, timu yetu imepoteza kwa pointi 7. Katika zamu 100, hiyo ni −9.9.

Sasa marekebisho. Mwenyeji ana alama ya +20, na kucheza nyumbani tumpe pointi 3, ambazo kwa kasi ya mechi hii ni 4.3 katika zamu 100. Maana yake timu ya wastani ingepigwa −24.3 pale. Yetu imepigwa −9.9. Kwa macho ya kompyuta, usiku huo imecheza kama timu ya +14.4, ingawa kwenye msimamo imeandikiwa kupoteza.

Siku nne baadaye iko nyumbani na mpinzani mwenye alama ya −12. Inashinda kwa pointi 4 katika zamu 68, yaani +5.9. Timu ya wastani ingeshinda kwa 12, ongeza 4.4 za nyumbani: +16.4. Kwa hiyo ushindi huo ni onyesho la −10.5. Mashabiki wanashangilia, alama inashuka.

Inashuka kwa kiasi gani? Hapa ndipo mwaka jana unapoingia. Mfumo wowote wenye busara hauanzi msimu na karatasi tupu. Unaanza na makadirio yanayotokana na nguvu ya timu mwaka uliopita, dakika za wachezaji waliobaki, na ubora wa waliohamia na waliosajiliwa. Makadirio hayo hupewa uzito wa mechi kadhaa, na uzito huo unamezwa taratibu mechi halisi zinapoongezeka. Kwa mfano wetu tuseme makadirio ni +2 na yana uzito wa mechi 8 (kila mtunzi ana namba yake). Baada ya mechi ya kwanza: 8 mara 2 ni 16, ongeza 14.4, gawanya kwa 9. Unapata +3.4. Baada ya pili: 30.4 toa 10.5, gawanya kwa 10. Unapata +2.0. Mechi mbili, usiku mmoja mzuri sana na mwingine mbaya, na timu imerudi palepale ilipoanza. Anayesema kompyuta “haijaona kitu” hajakosea sana. Imeona viwili vilivyofutana.

Makadirio hayo ndiyo yanayoharibika kwa namna ya pekee katika Ivy. Ligi hii haitoi ufadhili wa michezo, na kwa kawaida haichezeshi aliyekwisha kuhitimu shahada ya kwanza. Anayebakiwa na mwaka wa kucheza baada ya kuhitimu anaupeleka kwingine, na wapo wanaoondoka hata kabla ya hapo. Mwaka 2024 Danny Wolf alitoka Yale kwenda Michigan na Malik Mack akatoka Harvard kwenda Georgetown. Mwaka 2025 Xaivian Lee aliiacha Princeton akaenda Florida. Mfumo unaokumbuka timu lakini haukumbuki wachezaji utaendelea kuihesabia Harvard pointi za mtu anayevaa jezi ya Georgetown. Njia ya kukagua ni rahisi: kila mechi ina dakika 200 za wachezaji (5 mara 40). Jumlisha wastani wa dakika za mwaka jana za wale waliorudi. Ukipata chini ya 100, ipe alama ya Novemba imani ndogo, iwe nzuri au mbaya.

Mfano mkali zaidi ni wa msimu wa 2021–22. Ligi ya Ivy ilikuwa imefuta kabisa msimu wa 2020–21 kwa sababu ya UVIKO-19, wakati konferensi nyingine zilicheza. Kwa timu hizo 8, sehemu ya “mwaka jana” ilikuwa shimo. Mtunzi alilazimika kurudi 2019–20 na wachezaji ambao wengi walishaondoka, au kuzisogeza timu karibu na wastani wa kihistoria wa ligi. Hakukuwa na njia ya tatu.

Turudi kwa ile timu iliyoshinda 3 bila kupoteza. Kabla ya kulaumu mfumo, angalia ilimshinda nani. Timu za Ivy, kama nyingi za konferensi ndogo, hupanga mwanzoni mechi moja au mbili nyumbani dhidi ya vyuo vya Divisheni ya Tatu. Zinaingia kwenye rekodi ya timu. Kwenye KenPom na kwenye NET, kipimo rasmi cha NCAA (chama cha michezo ya vyuo vya Marekani), hazihesabiki kabisa. Kwa hiyo 3 kwa 0 inaweza kuwa mechi 1 tu machoni pa kompyuta, na kumfunga mtoto kwa pointi 50 hakuongezi hata nukta.

Kipimo hicho cha NET kilichukua nafasi ya kile cha zamani, RPI, kuanzia msimu wa 2018–19, na chenyewe hakina makadirio ya kabla ya msimu. Kinaanza na karatasi tupu kweli, ndiyo maana toleo la kwanza husubiri mpaka mechi zirundikane. Toleo la kwanza kabisa, la tarehe 26 Novemba 2018, liliiweka Ohio State ya 1 na Loyola Marymount ya 10. Watu walicheka. Machi ilipofika, Ohio State iliingia mashindano ya taifa ikiwa mbegu ya 11 (nafasi inayopewa timu kwenye ratiba, 1 ikiwa ya juu kabisa), na Loyola Marymount haikuingia kabisa. Hesabu haikukosewa, mechi 5 au 6 haziwezi kubeba mzigo ule peke yake. Mwaka 2020 fomula ilipunguzwa kutoka vipengele 5 hadi 2, na ule ukomo wa pointi 10 kwenye tofauti ya ushindi ukaondoka. Karatasi tupu ilibaki.

Kelele ya mechi moja, yaani bahati inayoyumbisha matokeo, ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Matokeo hutawanyika kuzunguka matarajio kwa takriban pointi 11. Chanzo kimoja kiko kwenye mitupo ya pointi tatu ya mpinzani, ambayo ulinzi unaweza kupunguza wingi wake, lakini una mkono mdogo sana kwenye asilimia inayoingia. Mpinzani akitupa 26 na kuingiza 13, wakati kawaida ya Divisheni ya Kwanza ni kama asilimia 34, yaani 9 hivi, umekula pointi 12 ambazo huenda wiki ijayo usizile. Ninapopitia majedwali ya Novemba, safu hiyo naisoma kabla ya matokeo yenyewe.

Gawa hiyo 11 kwa kipeuo cha pili cha idadi ya mechi: kwa timu moja yenye mechi 5, bado una wasiwasi wa karibu pointi 5 kila upande. Katikati ya jedwali hizo ni nafasi 50 na zaidi. Lakini kwa ligi nzima mambo ni tofauti. Timu 8 zikicheza kila moja mechi 11 au 12 zinazohesabika nje ya ligi, una kama mechi 90, na wasiwasi wa wastani wa ligi unashuka hadi pointi 1.2 hivi.

Hili ndilo ningependa wasomaji wa viwango walizingatie zaidi. Kuanzia Januari kila timu ya Ivy inacheza mechi 14 za ligi, mbili na kila mpinzani. Ndani ya mechi hizo kila pointi Yale inayopata, Brown au mwingine ameipoteza. Jumla ni sifuri. Mechi za ligi zinapanga nani yuko juu ya nani, haziwezi kuiinua ligi. Kimo cha ligi kinawekwa Novemba na Desemba, na baada ya hapo kinatikisika kidogo tu, kadiri wapinzani wa Novemba wanavyopanda au kushuka huko waliko. Penn ikipigwa vibaya ugenini mwezi Novemba, Princeton nayo inalipa sehemu ya deni hilo mwezi Februari.

Malipo yanaonekana kwenye makundi ya ushindi ambayo kamati inayochagua timu za mashindano ya taifa hutumia. Kumfunga ugenini aliye NET ya 75 ni ushindi wa kundi la kwanza. Akiwa wa 76 ni wa kundi la pili. Nyumbani mpaka wa kundi la kwanza ni 30, na uwanja huru ni 50. Ivy kwa kawaida hupeleka timu 1, bingwa wa mashindano ya timu 4 ya Machi, kwa hiyo kwao hesabu hii ni ya mbegu tu: Princeton ilipewa 15 mwaka 2023 na Yale 13 mwaka 2024. Moja iliitoa Arizona, nyingine Auburn.

Kwa anayefuatilia akiwa Dar au Nairobi: mechi ya saa moja jioni kwa saa za New York inaanza saa tisa usiku kwetu. Majedwali utayakuta asubuhi. Chukua hesabu zako baada ya tarehe 31 Desemba, andika wastani wa alama za timu zote 8 pembeni, na uulinganishe na ule wa mwisho wa Februari.