Mafuta yakimwagika baharini: yanayosemwa Feri na yaliyo kweli

Pantoni ya Kigamboni, Dar es Salaam, husimama kusubiri meli ipite. Abiria wengi hukereka kwa kucheleweshwa, ila mimi huitumia nafasi hiyo kuitazama meli yenyewe. Mara nyingine ni meli ya mafuta inayokwenda Kurasini. Huko nje, usawa wa Mjimwema, kubwa zaidi hufungwa kwenye boya na kushusha shehena kwa bomba lililolazwa chini ya bahari; sehemu ya mafuta hayo husafiri kilomita 1,710 hadi Ndola, Zambia, kwa bomba la TAZAMA. Jirani na yote hayo kuna mitumbwi, ngalawa, wachokoa pweza, na mnada wa samaki wa Feri. Yanayosemwa huko kuhusu mafuta kumwagika nimeyasikia mara nyingi, na baadhi yake yanaweza kutuponza.

"Hatari ni meli za mafuta tu."

Tarehe 25 Julai 2020 meli ya Wakashio ilipanda mwamba huko Mauritius. Haikuwa meli ya mafuta. Ilikuwa meli ya kubebea shehena kavu kama madini na nafaka, tena ikisafiri tupu, lakini matangi yake yalikuwa na karibu tani 4,000 za mafuta ya kuendeshea injini zake yenyewe. Yalianza kuvuja tarehe 6 Agosti, siku 12 baada ya meli kukwama, na takriban tani 1,000 zikaingia baharini. Wananchi walishona vitambaa, wakavijaza majani ya miwa na kutengeneza vizuizi kwa mikono yao. Ninawaheshimu sana watu wale. Ila siku 12 ni nyingi, na ndizo zinazoniumiza kila nikiisoma habari hiyo.

Meli za mafuta zenyewe zimebanwa na sheria za kimataifa, na sheria hizo zimezaa matunda. Mpya lazima ziwe na ukuta wa pili, ili wa nje ukitoboka shehena isimwagike papo hapo. Miaka ya 1970 umwagikaji wa zaidi ya tani 7 kutoka meli za mafuta ulitokea zaidi ya mara 70 kwa mwaka duniani. Miaka ya 2010 wastani ulishuka chini ya mara 10. Huku kwetu oili chafu ya gereji inamwagwa mtaroni, mvua inaisukuma hadi Mto Msimbazi, na mto unaifikisha baharini. Hiyo hakuna anayeiita ajali.

"Bahari ni kubwa, itajisafisha."

Dizeli na petroli hupungua haraka kwa kuvukizwa na jua na upepo, ingawa huua viumbe wa maji mafupi kabla hazijaisha. Mafuta mazito hayana haraka hiyo. Nenda kwenye mikoko ya Kunduchi au Mbweni maji yakiwa yamekupwa, uitazame mizizi ya mchu inayochomoza matopeni kama penseli. Mti unapumua kwa hiyo. Ikipakwa mafuta mazito, mti hukosa hewa na kufa, na mazalia ya kamba na samaki huenda nao. Alaska, ilikopasuka meli ya mafuta ya Exxon Valdez mwaka 1989, miongo kadhaa baadaye ukifukua baadhi ya fukwe bado uliyakuta mafuta chini ya mawe.

"Yamwagie sabuni, yatapotea."

Yanapotea machoni tu. Sabuni huyavunja kuwa matone madogo yanayoshuka majini, waliko samaki na matumbawe. Mwaka 1967, meli ya mafuta ya Torrey Canyon ilipovunjika karibu na Uingereza, fukwe zilimwagiwa sabuni kali kwa wingi, na zilizomwagiwa sana zilichelewa kupona kuliko zilizoachwa.

"Tuchote, ni riziki."

Msamvu, Morogoro, Agosti 2019. Zaidi ya watu 100 walikufa kwa moto wa lori la mafuta lililopinduka, watu wakiwa wanachota mafuta yake. Mvuke wa mafuta hauchagui nchi kavu wala maji.

"Wataalamu watakuja kuyazoa yote."

Hata penye vifaa bora, mafuta yanayookolewa baharini mara chache huzidi asilimia 10 hadi 15 ya yaliyomwagika. Ndiyo maana ukaguzi wa meli na mazoezi ya dharura vina uzito kuliko boti zitakazokuja baadaye. Ukiona utando wa mafuta, toa taarifa saa hiyo hiyo kwa BMU yako (kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufukwe), serikali ya mtaa, NEMC (baraza la mazingira) au TASAC, ambayo ndiyo inayosimamia usalama wa meli.

"Mvuvi mdogo hana pa kudai."

Hii ndiyo inayoniuma kuliko zote, maana inamfanya mtu anyamaze na haki yake mkononi. Tanzania ni mwanachama wa Mfuko wa Fidia wa 1992, mfuko wa kimataifa unaolipa hasara za mafuta yanayomwagwa na meli za mafuta, wenye makao London. Meli ya mafuta ikimwaga mafuta ghafi au mazito, mwenye meli na bima yake hulipa kwanza, na mfuko huongezea pale wanapoishia. Anayeweza kudai si mwenye nyavu zilizochafuka peke yake. Mvuvi aliyezuiwa kwenda baharini naye anaweza, na mama anayekaanga samaki Feri akakosa samaki wa kununua ana haki ya kupeleka dai lake. Petroli na dizeli nyepesi hazimo, wala meli kama Wakashio. Hizo zina njia nyingine za kisheria.

Dai linataka ushahidi: daftari la kilo ulizouza kila siku, risiti za mafuta ya mashine na barafu, leseni ya chombo, picha za nyavu zenye tarehe. Asiye na karatasi anaweza kusikilizwa, ila kuthibitisha hasara yake ni kazi ngumu zaidi. Na muda una kikomo: kesi isipofunguliwa ndani ya miaka 3 tangu hasara itokee, haki hiyo inakufa. Daftari la kurasa 96 linauzwa kila duka la mtaani, na linafaa kuanza kuandikwa leo, bahari ikiwa safi.