Kupandisha kompresheni ya injini kongwe ya petroli: pima ujazo kabla ya kuchonga hedi

Land Rover za zamani bado zinafanya kazi huku Tabora. Zinabeba asali kutoka Sikonge, zinabeba tumbaku Urambo na Kaliua, na zinapita njia ambazo gari dogo haligusi. Wenye nazo wakija karakana, ombi ni moja: "Fundi, chonga hedi, niongezee kompresheni." Hedi ni kifuniko cha juu cha silinda; ukiichonga, nafasi juu ya pistoni inapungua na mchanganyiko wa hewa na petroli unabanwa zaidi, na huko kubanwa ndiko kompresheni. Ombi lenyewe halina ubaya. Kazi ikifanywa vizuri, injini inavuta zaidi na kula mafuta kidogo. Tatizo ni kwamba wengi wanaoomba hivyo wana injini iliyopoteza kompresheni yake, na hedi ikichongwa ugonjwa wao unabaki palepale.

Mzee mmoja kutoka Sikonge alinipa mfano mzuri. Nikamwamkia, akaitikia, akasema, "Marahaba mwanangu. Gari limechoka, likifika kwenye mchanga linalia tu. Nimeambiwa hedi ichongwe." Nikapasha injini moto, nikatoa plagi zote nne, nikamwomba kijana akanyage mafuta hadi mwisho huku akipiga stata. Nikapima kila silinda kwa geji ya kompresheni; tatu zilikuwa karibu sawa. Silinda namba tatu ilikuwa chini sana. Nikatia kijiko cha oili kwenye tundu la plagi, nikapima tena, mshale haukupanda. Ringi zingekuwa ndizo zinazovujisha, oili ingeziba kidogo na mshale ungepanda. Kwa hiyo tukafungua hedi, na vavu ya moshi ya silinda hiyo ilikuwa imeungua ukingoni, mwanga unapita. Tulibadilisha vavu, tukasaga viti ambavyo vavu hukalia, tukafunga. Mzee aliondoka na nguvu aliyokuja kuitafuta, na hedi yake ina unene uleule.

Hapo kuna jambo la huku kwetu ambalo mafundi wengi hawalizingatii. Tabora iko kama mita 1,200 juu ya bahari, na hewa yake ina mgandamizo pungufu kwa takriban asilimia 13 ukilinganisha na Dar es Salaam. Injini nzima kabisa inayoonyesha kompresheni ya paundi 150 kwa inchi ya mraba kule pwani, hapa itaonyesha karibu 130. Nimeona injini nzuri zikihukumiwa kifo kwa sababu fundi alishika namba ya kitabu kilichoandikwa kwa usawa wa bahari. Tazama tofauti kati ya silinda na silinda. Hiyo haidanganyi mahali popote.

Sasa tuseme injini ni nzima na bado unataka kupandisha. Uwiano wa mgandamizo, yaani kompresheni kwa namba, ni hesabu ya nafasi tu. Pistoni ikiwa chini kabisa kuna nafasi kubwa juu yake. Ikifika juu kabisa inabaki nafasi ndogo. Gawa kubwa kwa ndogo, umepata uwiano. Injini ya Land Rover ya petroli iliyoanza mwaka 1958 na Series II ina cc 2,286, silinda ya mm 90.47 na mwendo wa mm 88.9, yaani kila pistoni inafagia karibu cc 571. Nyingi zilitoka kiwandani na uwiano wa 7 kwa 1, ili ziweze kunywa petroli dhaifu ya nchi yoyote. Kwa uwiano huo nafasi ya juu ni cc 95. Ukitaka 8 kwa 1, nafasi ishuke hadi cc 82 hivi. Unatafuta kuondoa cc 13 na nusu, basi.

Unapata nini? Kwa hesabu ya nadharia, kutoka 7 kwenda 8 ufanisi unapanda kutoka asilimia 54 hadi 56 na nusu. Petroli iliyokupeleka kilomita 100 ingekupeleka kama 104. Kutoka 8 kwenda 9 faida ni ndogo zaidi, na kila hatua mbele inapungua huku hatari ikikua. Ndiyo maana kwa injini hizi mimi huishia 8, au 8 na nusu kwa mwenye kuelewa. Anayekuahidi kwamba kuchonga hedi kutarudisha ile asilimia 13 ya hewa iliyochukuliwa na mwinuko anakudanganya. Kabla hata ya kugusa hedi, angalia kabureta: gari lililopangiwa jeti (vitundu vinavyopitisha petroli) za pwani likifika huku linakula mchanganyiko mzito, yaani wenye petroli nyingi kuliko hewa, linatoa moshi mweusi na plagi zinaota masizi. Kupunguza jeti kuu hatua moja ni kazi ya mchana mmoja, na mara nyingi mteja hanirudii tena kuulizia hedi.

Kinachotuwekea mpaka ni kugonga. Cheche ya plagi inawasha mchanganyiko upande mmoja na moto unatembea. Mchanganyiko uliobaki kwenye kona ya mbali unabanwa na moto unaokuja, unazidi kupata joto, na ukivuka kiwango chake unalipuka wote kwa mara moja kabla moto haujaufikia. Dereva anasikia kama kokoto zinatikiswa ndani ya kopo, hasa akiwa gia kubwa na mzigo mlimani. Ukiiacha hivyo, kuta nyembamba kati ya ringi za pistoni zinavunjika, gasketi ya hedi inapasuka katikati ya silinda mbili, na bearingi za konrodi zinapigwa. Mwingereza Harry Ricardo alilichunguza jambo hili zaidi ya miaka 100 iliyopita kwa injini ya majaribio ambayo uwiano wake uliweza kubadilishwa huku ikizunguka. Mwaka 1921 Thomas Midgley wa General Motors, Marekani, akagundua kwamba madini ya risasi kwenye petroli inazuia kugonga, na kwa miongo mingi viwanda vikapandisha kompresheni kwa kutegemea sumu hiyo. Nchi za kusini mwa Sahara ziliacha petroli yenye risasi kufikia mwanzo wa 2006, na hilo ni jema kwa watoto wetu. Ila viti vya vavu za moshi vya hedi za zamani vilikuwa vikilindwa na risasi. Kwa hiyo hedi ikishafika mezani, weka viti vigumu vya vavu za moshi. Gharama yake haiumi ukishalipia kazi nyingine.

Mwinuko wetu unasaidia hapa. Hewa ikiwa nyepesi, silinda haijai sana, na kugonga kunachelewa. Injini ya 8 na nusu inayotulia kabisa kati ya Tabora na Nzega inaweza kuanza kugonga ikishuka Kigoma, ambako ziwa lenyewe liko karibu mita 773 tu, na ikifika Dar es Salaam na mzigo ikagonga kweli. Namuuliza kila mteja: gari hili linalala wapi, na linaenda wapi? Jibu lake ndilo linaloamua namba.

Swali la pili ni mafuta anayonunua. Petroli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa inagonga hata kwenye 7 kwa 1, kwa kuwa okteni ya mafuta ya taa, yaani uwezo wa kustahimili kugonga, iko chini mno. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba (alama za kutambulisha mafuta halali) kwenye mafuta mwaka 2010 kwa sababu ya mchezo huo. Kama gari linaishi vijijini na linanyweshwa kwa madumu, sipandishi chochote.

Kupima chemba, yaani shimo la hedi ambamo mchanganyiko unaungua, ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote, na vifaa vyake vinapatikana duka la dawa. Funga vavu na plagi kwenye hedi, igeuze juu chini, ilaze sawasawa. Paka grisi nyembamba kuzunguka chemba, funika kwa kipande cha plastiki ngumu inayoonyesha, chenye tundu dogo karibu na ukingo. Kisha jaza maji yenye rangi kidogo kwa bomba la sindano la mililita 20, ukihesabu kila bomba. Inamisha hedi kidogo ili tundu liwe mahali pa juu kabisa, maana kiputo kimoja kikibaki chini ya plastiki kinakuharibia hesabu. Kwenye hayo ongeza nafasi ya gasketi iliyokwisha kubanwa. Tundu la gasketi la mm 93 na unene wa mm 0.8 linakupa cc 5 na nusu. Ongeza pia nafasi iliyobaki juu ya pistoni ikiwa imefika juu. Pima chemba zote nne. Mara nyingi hazilingani, na ile ndogo ndiyo itakayogonga kwanza, hivyo zisawazishe kabla ya kuwaza kuchonga.

Halafu chora umbo la mdomo wa chemba kwenye karatasi ya miraba na uhesabu eneo lake. Likiwa sentimita 50 za mraba, kila milimita unayochonga inaondoa cc 5. Kwa cc 13 na nusu utahitaji milimita 2.7, na hizo ni nyingi mno kwa chuma kilichokaa na maji miaka 50. Ndiyo maana kwa Land Rover nashauri kutafuta hedi ya 8 kwa 1, ambayo kiwanda chenyewe kiliitengeneza, na kuacha kuchonga kwa ajili ya kunyoosha tu.

Ukichonga, mambo mengine yanasogea. Kwenye injini za pushirodi, yaani vijiti vinavyosukuma roka zinazofungua vavu, pushirodi zinakuwa ndefu kuliko zinavyotakiwa; weka shimu (vipande vyembamba vya bati) chini ya vishikio vya roka ili zikae kwenye pembe yake. Kwenye injini zenye kamshafti (mhimili unaofungua vavu) juu na cheni, hedi ikishuka kamshafti inachelewa, na unahitaji gia ya kurekebisha. Zungusha injini kwa mkono mara mbili kamili kabla ya kugusa stata, usikilize kama vavu inagusa pistoni.

Taiming, yaani wakati wa cheche ya plagi, nayo irudishwe nyuma kidogo, kwa sababu mchanganyiko uliobanwa zaidi unaungua haraka zaidi. Anza nyuma, panda kidogo kidogo, ujaribu barabarani ukiwa na mzigo wa kweli, mchana wa Oktoba kama unaweza, kabla mvua hazijapoza hewa. Ikigonga hata mara moja gia ya nne ikipanda, rudi nyuma. Baada ya kilomita mia kadhaa, injini ikiwa imepoa kabisa, kaza tena bolti za hedi kwa spana ya toki kuanzia katikati kwenda pembeni, kisha, kwa Land Rover hii, rudisha tepeti (nafasi kati ya roka na vavu) kwenye mm 0.25, maana zitakuwa zimebadilika.