Ubaridi wa AC tunaumwaga nje, kuna bomba linaweza kuurudisha

Siku ukipita nyuma ya jengo kubwa la ofisi pale Posta, katikati ya Dar es Salaam, mchana, tafuta kile kidirisha cha kutolea hewa (sio mashine ya AC inayotema joto) weka mkono. Unaona kabaridi? Ile ni hewa ya ndani inatolewa ili iingie safi maana watu hawawezi kuvuta hewa ileile kutwa, ila ubaridi wake umeshalipiwa umeme na unamwagwa hivihivi.

Dawa yake ni bomba la joto, mainjinia wanaita hitipaipu. Ni bomba la shaba limezibwa huku na huku, hewa imenyonywa yote, ndani kimewekwa kimiminika kidogo, mara nyingi ni gesi ya AC hizihizi. Upande mmoja ukipata joto kinachemka, mvuke unakimbilia upande wenye baridi, unaacha joto pale, unakuwa maji maji unarudi ulikotoka. Mota hamna, pampu hamna. Na mvuke unabeba joto balaa, we fikiria sufuria ya chai, lita moja ya maji kuitoa digrii 20 mpaka 100 ni kama kilojuli 335, lakini kuikausha yote ni zaidi ya 2,200.

Kwenye jengo mabomba yanapangwa safu safu na vibati vya alumini, katikati kuna ukuta, huku inapita hewa ya nje huku inayotoka. Nje digrii 33, inayotoka 24, kifaa kikiokoa nusu ya hiyo tofauti basi hewa inaingia na 28.5 kabla AC haijaigusa. Na hewa hizo mbili hazichanganyiki, ndo maana hospitali wanakipenda.

Ila pwani kwetu shida kubwa ni unyevu, na hilo bomba peke yake haliutoi. Hapo linazungushwa kwenye koili ya AC (yale mabomba ya baridi yanayopooza hewa), linapooza hewa kabla ya koili, joto lile lile linairudishia ikishakamuliwa maji. Zile ofisi watu wanavaa sweta Dar es Salaam, mara nyingi hewa imepoozwa sana ili ikamuliwe maji halafu haikurudishiwa joto, hiki ndo kinakosekana.

Nishakuta limefungwa upande wa joto ukiwa juu, maji maji hayapandi kurudi, basi bomba limekaa pambo. Na vumbi likijaa kwenye vibati feni inahangaika, kwa hiyo filta zisafishwe, na karibu na bahari agiza vibati vyenye koti la kuzuia kutu ya chumvi. Jengo la zamani ambalo njia ya hewa inayoingia iko mbali na ya inayotoka, hapo sikushauri, gharama ya kuzikutanisha itakushinda.