Valvu inayokula umeme bure kwenye TV za rangi za zamani

Fungua TV ya rangi ya Kimarekani ya miaka ya 1960, zile za valvu (taa za kioo zisizo na hewa ndani, zilizotumika kabla ya transista), utakuta kisanduku cha chuma kimefunikwa. Humo mna flaibeki (transfoma inayozalisha volteji kubwa), valvu ya rektifaya inayoigeuza volteji hiyo iwe ya mkondo mnyoofu, na mara nyingi valvu moja nene yenye kofia juu: 6BK4. Haipeleki chochote kwenye picha. Inakula umeme tu, na hiyo ndiyo kazi yake.

Tyubu ya picha inataka kilovolti 25 hivi. Picha ikiwa nyeusi, haivuti karibu kitu; ikiwa nyeupe, huweza kuvuta miliampea 1 au zaidi. Flaibeki haina ubavu huo: ikivutwa, volteji hushuka. Elektroni hupungua kasi, koili zilizo shingoni mwa tyubu huzipinda kupita kiasi, picha inavimba na fokasi inapotea. TV nyingi za nyeusi na nyeupe ziliachwa na ugonjwa huo. Kwenye rangi haivumiliki, maana nyekundu, kijani na bluu huanza kuachana.

Basi 6BK4 huungwa sambamba na tyubu. Picha ikivuta kidogo, valvu huvuta zaidi. Picha ikivuta sana, valvu hujibana, na mzigo wa flaibeki unabaki uleule. Gridi yake, sehemu inayodhibiti mkondo wa valvu, haipimi kilovolti 25 zenyewe. Inafuata volteji ya busti, ndogo zaidi, inayotoka kwenye flaibeki hiyohiyo na kupanda na kushuka pamoja nazo.

Kuipima ni raha. Chasisi nyingi zina resista ya omu 1,000 kwenye kathodi (upande wa valvu unaotoa elektroni), hivyo volti 1 juu yake ni miliampea 1. Zima mwangaza kabisa, mita isome karibu na 1. Ongeza mwangaza, sindano ishuke polepole. Ikigonga sifuri mapema, usikimbilie kuilaumu 6BK4: mara nyingi valvu ya mlalo, inayoiendesha flaibeki, ndiyo imechoka. Na usiguse nyaya za mita, kwa sababu kathodi hiyo iko volti mia kadhaa juu ya chasisi.

Kilovolti 25 kwa miliampea 1 ni wati 25 zinazoishia kwenye anodi ya valvu, pale elektroni zinapogonga, pamoja na eksirei. Mwaka 1967 General Electric iliziita TV zake nyingi za rangi zirekebishwe kwa sababu hiyo, na 1968 Marekani ikatunga sheria ya mionzi. Kwa hiyo kifuniko kirudi mahali pake, na usiwashe TV kama 6BK4 imechomolewa: volteji itapaa, na tyubu yenyewe itaanza kutoa eksirei kupita kiasi.