Bima ya ng'ombe wa maziwa: yanayosemwa zizini na yaliyo kwenye mkataba

Shangazi yangu ana ng'ombe wanne wa gredi Kinangop, Kenya. Bintiye anaishi Leicester, Uingereza, na ana paka mmoja. Mwaka jana paka huyo aliruka dirishani akavunjika mguu, akapasuliwa na kuwekewa chuma. Bili ilikuja ya kutisha, binamu yangu akalipa sehemu yake ya kwanza na kampuni ya bima ikamalizia iliyobaki. Jioni hiyohiyo akampigia mamake: "Mama, hao ng'ombe wakatie bima kesho."

Shangazi akaja kwangu na karatasi za wakala, maana mimi ndiye ninayeshika daftari la kikundi chetu cha maziwa na watu hudhani anayejua hesabu za lita anajua kila hesabu. Tulikaa nazo siku mbili. Nusu ya mambo niliyokuwa nikiyaamini mwenyewe hayakuwemo kwenye karatasi zile.

"Nikishakata bima, daktari wa mifugo atalipwa na kampuni"

Hapa ndipo paka wa Leicester alipotupoteza. Bima ya paka na mbwa kule Uingereza kimsingi ni bima ya matibabu: vipimo, upasuaji, dawa. Bima ya ng'ombe wa maziwa inayouzwa huku Kenya kwa kawaida ni bima ya kifo. Inalipa ng'ombe akifa kwa ugonjwa, ajali, moto, radi au matatizo ya kuzaa. Akiugua kiwele, dawa ni juu yako. Akianguka kwa homa ya maziwa saa nane usiku baada ya kuzaa, chupa ya kalsiamu na nauli ya daktari vinatoka mfukoni mwako, hata kama bima yako ina wiki moja tu.

Tofauti hiyo ina sababu yake. Paka wa binamu yangu hana bei sokoni. Kinachomuumiza mwenye paka ni bili ya hospitali. Ng'ombe ana bei, na kila mtu sokoni anaijua. Kampuni inakatia bima kile kinachoweza kuhesabika.

Zipo bima zinazoongeza kidogo cha matibabu kwa ada ya ziada. Kama wakala anasema yako ni mojawapo, mwambie akuonyeshe mstari wenyewe.

"Bima ni ya wenye mashamba makubwa, kwetu sisi ni ghali"

Tupige hesabu. Chukua ng'ombe wa shilingi 150,000 na ada ya asilimia 4 ya thamani yake, kama ilivyokuwa kwenye karatasi ya shangazi. Hiyo ni 6,000. Juu yake kuna tozo ndogo za serikali: asilimia 0.2 ya ada kwa mafunzo ya bima, asilimia 0.25 kwa mfuko wa kufidia wenye bima kampuni ikianguka, na stempu ya shilingi 40. Jumla 6,067. Kwa maziwa ya shilingi 50 kwa lita, ng'ombe wa lita 15 kwa siku anaimaliza ada hiyo kwa siku nane na kitu.

Siku nane za maziwa kwa mwaka si utajiri wa kutisha. Lakini bei ndogo peke yake haifanyi kitu kiwe cha maana. Hata mwavuli wa karatasi ni rahisi. Swali ni unanunua nini.

Mkataba ule ulisema mwenye ng'ombe anabeba mwenyewe asilimia 10 ya hasara. Kwa hiyo ng'ombe akifa, kinachorudi ni 135,000. Gawanya kwa 6,067 unapata kama 22. Maana yake, kama kwenye zizi lako hufa zaidi ya ng'ombe mmoja kati ya 22 kila mwaka, kwa hesabu kavu bima inakurudishia zaidi ya unacholipa. Kama hufa wachache kuliko hapo, kampuni ndiyo inayofaidi.

Nikamwuliza shangazi: miaka kumi iliyopita umepoteza wangapi? Akahesabu kwa vidole, akiwataja kwa majina. Watatu. Mmoja alikuwa ndama wa wiki tatu, umri ambao mkataba wake haukukubali. Wanabaki wawili. Ng'ombe wanne kwa miaka kumi ni sawa na ng'ombe arobaini wa mwaka mmoja mmoja, na wawili kati ya arobaini ni mmoja kati ya ishirini. Karibu sare kabisa na kampuni! Nilicheka, yeye hakucheka. "Sasa umenisaidia nini?" akaniuliza.

Nilikuwa nimemsaidia kuona kwamba jibu halimo kwenye wastani. Limo kwenye swali jingine: ng'ombe huyu akilala leo asiamke, nitaweza kununua mwingine bila kuuza kipande cha shamba wala kumtoa mtoto shuleni?

"Mwaka ukiisha bila kifo, pesa zimeliwa"

Hakuna anayemdai mlinzi wa usiku mshahara wake kwa sababu mwizi hakuja. Tuendelee.

"Akifa tu, nalipwa"

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa hapa ndipo wafugaji wengi hukosa haki yao kwa mikono yao wenyewe.

Miaka mitatu iliyopita niliamshwa na jirani alfajiri. Ng'ombe wake aliyekatiwa bima alikuwa amelala ubavu, tumbo limejaa kama ngoma, amekwisha. Kabla jua halijatoka broka wa nyama alikuwa ameshafika na kisu, shilingi 20,000 mkononi, maneno matamu mdomoni. Jirani alikuwa amechanganyikiwa, akapokea. Kufikia saa nne nyama ilikuwa imeondoka, ngozi imeondoka, na kichwa kimeondoka kikiwa na hereni yake ya namba sikioni. Alipopiga simu kwenye kampuni akaulizwa namba ya hereni, picha za mzoga na ripoti ya daktari wa mifugo. Alikuwa na ile elfu ishirini tu.

Sikuipenda kampuni ile siku ile, na sijaanza kuipenda. Lakini nilipousoma mkataba baadaye, kila kitu kilikuwemo. Ng'ombe aliyekatiwa bima hutambulika kwa hereni. Daktari humkagua na kumthamini mwanzoni, na akifa humkagua tena kueleza amekufa kwa nini. Taarifa hutakiwa mapema, mara nyingi ndani ya saa 24 au 48. Mzoga hausogezwi wala kukatwa kabla ya daktari kufika, na hereni haitolewi. Hata ng'ombe akiwa hajafa ila hana matumaini, kumchinja kwa dharura kunahitaji neno la daktari kwa maandishi, na pesa ya nyama hupunguzwa kwenye fidia.

Hili la kutomkata mzoga lina uzito kuliko bima. Mnyama akifa ghafla na damu nyeusi isiyoganda ikitoka puani au sehemu ya haja, shuku kimeta. Mzoga wa namna hiyo haupasuliwi kabisa, hata kwa ajili ya ripoti. Vijidudu vyake vikikutana na hewa hujifunga kuwa mbegu zinazoweza kukaa ardhini miongo kadhaa, na nyama yake huua watu. Daktari huchukua damu kidogo kwenye mshipa wa sikio na kuipima. Kwa hiyo usikubali mtu akuambie "lazima apasuliwe ndiyo bima ilipe". Ulizia hilo kabla ya kutia sahihi.

Mengine yanayoangusha madai ni madogo madogo. Bima nyingi zina siku za kungoja mwanzoni, wiki mbili hadi mwezi, ambapo kifo cha ugonjwa hakilipwi. Ugonjwa aliokuwa nao ng'ombe kabla ya mkataba haumo. Ugonjwa wenye chanjo mara nyingi haulipwi kama huna karatasi ya chanjo, na daktari aliyechanja bila kuandika ni kama hajachanja. Wizi kwenye baadhi ya mikataba umo, kwenye mingine ni wa kuongezea, kwenye mingine haupo kabisa. Na ukimwacha mnyama bila kumwita daktari siku nne, hilo lina jina lake: uzembe.

"Benki imeshanikatia"

Sentensi hii naisikia kila mwezi. Aliyekopa kununua ng'ombe huona kwenye karatasi ya mkopo kuna makato ya bima, akatulia. Mara nyingi ile ni bima ya mkopo: inalipa deni endapo wewe mkopaji utafariki. Ng'ombe akifa na wewe uko hai, deni liko palepale na lita hakuna.

Kama kweli ni bima ya ng'ombe, angalia nani analipwa kwanza. Mkopeshaji huandikwa mbele yako. Fidia ikiwa 135,000 na deni limebaki 90,000, wewe unapata 45,000. Si haba, umelala bila deni, ila usipange kununua mtamba kwa pesa hiyo.

"Nitataja bei ya juu ili nilipwe zaidi"

Utalipa ada kubwa zaidi, na siku ya fidia watakulipa bei ya soko ya ng'ombe yule. Ukitaja bei ya chini kupunguza ada, utalipwa hiyo ya chini. Bei halali ni ile ambayo ungemuuzia jirani unayemheshimu. Na ng'ombe anavyozeeka thamani hushuka, kwa hiyo ada ya mwaka wa tano isiwe kwa bei ya mwaka wa pili. Mwite daktari amthamini upya.

"Ile ya satelaiti inalipa ng'ombe akifa kwa ukame"

Hiyo ni bima nyingine kabisa, na wafugaji wa nyanda kavu wanaijua kuliko sisi wa milimani. Ilianza Marsabit mwaka 2010, watafiti wa ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, wakishirikiana na makampuni ya bima, na malipo ya kwanza yakatoka 2011. Satelaiti hupima ukijani wa malisho ya eneo zima. Ukishuka chini ya kiwango kilichowekwa, kwa kulinganisha na miaka iliyopita ya eneo hilohilo, kila mwenye bima hapo analipwa. Hakuna anayekuja kuhesabu mizoga. Ng'ombe wako wakiwa hai wote, unalipwa, na nia ni hiyo hasa: ununue nyasi na maji wasife.

Kinyume chake kinauma. Ng'ombe akifa kwa ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe, au akaliwa na simba wakati eneo ni la kijani, hupati kitu. Na bonde lako likikauka huku eneo kubwa likionekana limenawiri, unaweza kukosa vilevile. Udhaifu huo uko kwenye namna inavyopima, si hila ya mtu. Mtu wa zizi la ng'ombe wanne wanaokatiwa nyasi bandani, kama shangazi, hiyo haimfai.

"Dini hairuhusu"

Kwa Mwislamu swali hili ni la kweli na simwamulii mtu. Ila ipo njia ya takaful, yaani bima ya Kiislamu, na kwa mifugo imeshajaribiwa: Wajir, wafugaji waliojiunga na bima ya malisho ya namna hiyo walilipwa mwaka 2014. Wanachama huchanga kama mchango wa kusaidiana, kampuni inasimamia kwa ujira, na kinachobaki baada ya fidia kinaweza kurudi kwa wachangaji.

"Aliye na bima hana haja ya kuhangaika na kupe"

Ningekuwa na shilingi 6,000 tu kwa mwaka, nisingenunua bima. Ningenunua dawa ya kupe na chanjo kwanza. Chanjo ya ndigana kali hutolewa mara moja na kinga yake hudumu maisha. Bima inarudisha sehemu ya bei ya ng'ombe aliyekufa. Hairudishi maziwa ya miezi utakayokaa ukitafuta mwingine, wala ndama aliyekuwa tumboni, isipokuwa umemlipia kando.

Na mwenye ng'ombe kumi na watano wa kienyeji aliowazalisha mwenyewe, hana mkopo, na kila mwaka huuza wawili? Huyo tayari ana bima, iko zizini. Aweke ada hiyo kwenye chama cha akiba. Anayenihangaisha ni yule mwenye mmoja, aliyemnunua kwa mkopo, na karo inategemea chuchu nne.

Shangazi aliamua hivi: kati ya wanne, alimkatia bima mmoja tu, Friesian aliyemnunua kwa mkopo wa kikundi ambaye anatoa karibu nusu ya maziwa yake yote. Kwa wale watatu, maziwa ya kila Jumapili yanaingia kwenye akaunti ya simu ambayo hata binamu yangu haijui namba yake ya siri. Ada aliilipa moja kwa moja kwa kampuni, si kwenye simu ya wakala, baada ya mimi kuhakikisha kwamba wakala yumo kwenye orodha ya mamlaka ya bima. Juzi nilipopita kuchukua hesabu niliona ameandika kwa chaki mlangoni mwa zizi namba ya hereni, na chini yake simu ya daktari. Chini kabisa, kwa herufi kubwa, kwa ajili ya kijana anayekamua: BROKA ASIINGIE.