Kwa nini pikipiki mpya haitakiwi kukimbizwa, wala kubembelezwa kupita kiasi?

Je, wajua kwamba injini ya pikipiki hutoka kiwandani kabla kazi yake ya mwisho haijakamilika? Kazi hiyo ni kuzikalisha ringi, zile pete za chuma zinazoizunguka pistoni inayopanda na kushuka, sawasawa kwenye ukuta wa silinda, na hakuna mashine ya India, China wala Japani inayoimaliza. Anayeimaliza ni mnunuzi, barabarani, katika kilometa 1,000 za mwanzo. Akiiharibu hapo, mara nyingi haitarekebishika tena bila kushusha injini.

Ukuta wa silinda mpya ukiutazama haraka unaona unang'aa tu. Ukisogea karibu utaona mistari myembamba iliyokatizana kwa mshazari. Imechongwa makusudi. Vifereji vyake hushika oili, na vilele vilivyo kati ya vifereji hivyo huilamba ringi kama tupa. Ringi nayo ina ukali wake wa chuma kipya. Zinaposuguana, vilele vya pande zote mbili hukatika kidogo kidogo mpaka ringi inapata umbo la silinda ileile iliyomo. Hapo ndipo moto unaolipuka juu ya pistoni unapokosa njia ya kupenya kwenda chini, na oili iliyo chini inakosa njia ya kupanda juu ikaungua. Nguvu ya kupanda mlima na mtu nyuma, mafuta unayonunua kila siku, moshi unaoutoa au usioutoa: vyote vinategemea mkutano huo wa ringi na ukuta.

Wengi hudhani ringi hujibana ukutani kwa sababu ya mkunjo wake tu. Mkunjo una sehemu yake, lakini msukumo mkubwa unatoka kwenye mlipuko wenyewe. Gesi ya moto hupenya nyuma ya ringi, ndani ya mfereji inamokaa kwenye pistoni, na kuisukuma nje. Ukivuta mafuta zaidi, gesi inakuwa na nguvu zaidi na ringi inakandamizwa zaidi.

Kwa hiyo anayekimbiza pikipiki mpya anazikandamiza ringi kwa nguvu wakati vilele bado ni virefu na vikali. Joto hupanda haraka kuliko oili inavyoweza kuliondoa, na chuma huanza kukwaruza chuma badala ya kusuguana taratibu. Mikwaruzo mirefu ikishachorwa kwenye silinda haifutiki. Pikipiki zetu nyingi, zile za cc 100 hadi 150, hazina rejeta wala feni. Zinapozwa na upepo wa mwendo. Pakia mishikaki, panda mlima kwa gia kubwa, kisha usimame kwenye foleni ya Ubungo au ya Thika Road saa saba mchana, na injini changa itakuwa imebeba zaidi ya uwezo wake.

Lakini anayeibembeleza mno naye anaiumiza. Ukitembea siku nzima kwa mwendo mmoja mdogo, mkono wa mafuta umefunguka kidogo tu, gesi haina nguvu ya kuisukuma ringi vya kutosha. Oili inabaki ukutani, inaungua, na inageuka utando mgumu unaong'aa ambao unajaza vifereji. Ringi zikianza kuteleza juu ya utando huo, kusuguana kunakoma kabla hazijakaa. Ndiyo maana mtu akikushauri uiwashe pikipiki mpya na kuiacha ingurume saa nzima pale pale ilipo ili "ilainike", usimsikilize. Ni joto bila upepo, na msukumo mdogo kuliko wote.

Njia iliyo sahihi iko katikati, na vitabu vya watengenezaji vinaielekeza huko kwa maneno tofauti. Honda, kwa mfano, huagiza kwamba katika kilometa 500 za mwanzo usiondoke kwa mafuta yote, usiongeze mwendo kwa ghafla, usifunge breki kwa nguvu wala kushusha gia kwa pupa. Yamaha nao husisitiza kubadilisha mwendo mara kwa mara, na vitabu vya baadhi ya pikipiki zao ndogo vinataka mwanzoni injini izimwe ipoe dakika tano hadi kumi baada ya kila saa ya safari. Kitabu cha pikipiki yako ndicho cha kufuata. Usikiache kwa muuzaji. Wengi tunapokea pikipiki, tunapokea funguo, na kitabu kinabaki kwenye nailoni chini ya kiti mpaka siku ya kuuza.

Barabarani inakuwa hivi. Washa, ngoja kidogo oili ifike juu, kisha ondoka polepole. Ukifika barabara iliyo wazi, ongeza mafuta kwa ulaini mpaka mwendo wa kati, kisha achilia na uiache ipungue yenyewe huku gia imeingia. Rudia. Unapoongeza, ringi zinakandamizwa. Unapoachilia, mvuto ndani ya silinda unapandisha oili kidogo, na oili hiyo inapoza na kuosha unga wa chuma uliokatika. Ukihisi injini inalalamika, inatikisika bila kuongeza mwendo, shusha gia. Kuilazimisha ipande kwa gia kubwa ni kosa baya kuliko kuiacha izunguke kidogo kwa gia ndogo.

Wapo wanaosema viwanda vya siku hizi vinachonga vizuri sana kiasi kwamba habari ya kuizoesha injini ni ya kizamani. Ni kweli uchongaji umeboreka. Lakini hata hao wachongaji bora bado wanaandika maagizo ya kilometa za mwanzo kwenye vitabu vyao, na mimi siwezi kumwambia mtu aliyejikusanya miaka akanunua pikipiki ayapuuze.

Ugumu wenyewe uko kwa dereva wa bodaboda. Pikipiki ya mkataba, ambayo dereva humlipa tajiri mwenye nayo mpaka iwe yake, huanza kudaiwa hesabu, yaani malipo hayo, tangu siku za kwanza. Tajiri anataka fedha yake, abiria anataka kuwahi, na injini inataka wiki moja au mbili za utulivu. Tupige mahesabu ya kilometa: anayezunguka kilometa 100 kwa siku anamaliza 1,000 kwa siku kumi. Ni siku kumi za abiria mmoja mmoja, bila magunia, bila safari ndefu za kukimbizana. Dereva mwenye mkataba wa mwaka mmoja na zaidi ndiye atakayebaki na chombo hicho mkataba ukiisha. Injini iliyokwaruzwa wiki ya kwanza inaweza kuendelea kumlipa tajiri hesabu yake vizuri tu, kisha ianze kula oili na kutoa moshi wa buluu wakati kadi imeshahamia kwa dereva. Kwa hiyo, kabla ya kusaini, omba hesabu ipunguzwe kwa siku kumi za mwanzo na uiandike ndani ya mkataba. Tajiri mwenye akili ataelewa, maana naye akiichukua pikipiki katikati ya mkataba ataichukua na injini yake.

Sasa oili ya kwanza. Ukiimwaga kwenye beseni na kuichovya kidole juani, utaona inametameta. Ule ni unga wa chuma wa ringi, silinda na meno ya gia. Pikipiki nyingi za Kichina zilizojaa mitaani zimejengwa juu ya mpango wa injini ya Honda CG125, iliyotoka mwaka 1976 ikikusudiwa nchi ambako matunzo ni ya shida. Injini hiyo haina chujio la karatasi. Ina wavu na chombo kinachozunguka ili kutupa uchafu pembeni. Inavumilia sana, lakini unga mwembamba unaendelea kuzunguka ndani yake mpaka uumwage. Ndiyo sababu mabadiliko ya kwanza ya oili huja mapema, mara nyingi kati ya kilometa 500 na 1,000. Usiyasogeze mbele kwa kuona kwamba oili "bado nyepesi".

Na usitie oili yoyote unayoikuta. Kwenye pikipiki hizi injini, gia na klachi vinaogelea katika oili moja. Oili nyingi za magari zimetiwa viungo vya kupunguza msuguano, na klachi inaishi kwa msuguano. Ikiteleza, injini inapiga kelele na mwendo hauji. Tafuta kwenye chupa maandishi JASO MA au MA2, kipimo cha Wajapani kilichowekwa kwa ajili ya pikipiki, na uzito wa oili, yaani unene wake, ulioandikwa kwenye kitabu chako.

Siku ya kununua kwenyewe, usizubaishwe na rangi. Pikipiki nyingi husafirishwa ndani ya maboksi zikiwa vipande na kuunganishwa na mafundi wa hapa, wakati mwingine kwa haraka ya jioni. Linganisha namba ya injini na ya chesisi na zilizoandikwa kwenye karatasi, moja baada ya nyingine. Angalia kiwango cha oili kabla hujapiga kiki. Shika nati za magurudumu, usukani na breki. Uliza dhamana inadai huduma za mwanzo zifanyiwe wapi, kwa sababu fundi wa kijiweni anaweza kuwa hodari na bado ukapoteza dhamana.

Kuna mambo yatakayokushtua na hayana shida: harufu ya kuungua na moshi hafifu kwenye bomba siku ya kwanza, ambavyo ni mafuta ya kulinda chuma, bomba kubadilika rangi, gia ngumu na nyutro inayojificha, mafuta kuisha haraka kidogo. Breki nazo hazitashika vizuri mpaka viatu vyake vikae kwenye ngoma. Tairi mpya huteleza, hasa kwenye lami yenye maji, kwa hiyo usilalie kona katika kilometa 160 za mwanzo. Cheni italegea na njiti (spoku) za magurudumu zitahitaji kukazwa. Lakini oili ikidondoka chini, au injini ikigonga kwa sauti ya chuma, simama, zima, rudi ulikonunua.

Kinachosahaulika kuliko vyote ni tapeti, zile zinazozisukuma valvu, yaani milango ya injini ya kuingiza mafuta na kutoa moshi. Katika kilometa hizo za mwanzo valvu nazo zinajikalisha kwenye viti vyake, na zikizama kidogo nafasi kati yake na tapeti inapungua. Injini inakuwa kimya, mwenye nayo anafurahi, kumbe valvu ya moshi haifungi sawasawa na inaungua pembezoni. Dalili yake ni pikipiki inayowaka vizuri asubuhi na kugoma ikiwa ya moto. Katika huduma ya kwanza mwambie fundi azipime, tena injini ikiwa baridi kabisa. Ukiwahi gereji kabla ya saa mbili kwa kuiendesha, itakubidi uiache pale mpaka ipoe.